Kikapu Kilichoanza Kufumuliwa

Mama yangu hakuwahi kuuza kikapu cha mapito ya nyuki. Vingine aliviuza, vya mtama, vya mayai, hata vile vidogo ambavyo watu wa ofisini huwekea kalamu. Lakini kile chenye mistari miwili myeusi inayopanda kwa kuzunguka, ikikwepana tangu kitako hadi karibu na mdomo, kisha ikakutana na kuwa mmoja pasipo fundo kuonekana popote, alikishona kimoja tu kwa mwaka, na alikitoa bure. Bibi yake alimwambia kwamba nyuki hauzi njia yake ya kurudi mzingani.

Kikundi chetu cha mafundi hapa Mandewa kilipoanza kugawa zawadi za Krismasi, wazo lilikuwa la mama. Tuko wanane. Catherine, mwenyekiti wetu, anafinyanga vyungu. Gervas, mwanamume pekee, anachora vibuyu kwa waya wa moto. Sisi wengine tunashona vikapu na kusuka mikeka. Kila tarehe ishirini na nne ya Desemba, kila mmoja analeta kazi yake moja, na ni lazima iwe ile aliyoifanya vizuri kuliko zote mwaka huo, si ile iliyokosa mnunuzi. Majina ya watu walionunua kwetu mwaka mzima yanaandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa katika chungu. Kazi zenyewe zinafunikwa kanga. Anayeitwa anapitisha mkono chini ya kanga na kuchukua kile ambacho mkono umekigusa kwanza. Kilichoshikwa kimeshikwa, ndivyo tunavyosema.

Mimi niliingia katika kazi hii nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Nilikuwa nimeolewa Itigi, mume wangu akifanya kazi ya reli, na alipofariki nikarudi kwa mama nikiwa na sanduku moja na mikono isiyojua kitu zaidi ya jembe na sufuria. Mama hakunicheka. Alinipa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akanipa kitita cha nyasi na ukindu uliolowekwa, akaniambia nizungushe. Nilizungusha miaka minne. Mizunguko yangu ya kwanza ilikuwa milegevu hata Gervas akaniuliza kama nashona kikapu au naatamia mayai.

Mwaka wa tano nilikuwa naweza kupandisha mistari miwili mpaka tumboni mwa kikapu, na hata juu zaidi. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kuikutanisha. Ukitazama kwa nje huwezi kujua, kwa sababu pale inapokutana, ukindu mweusi unazamishwa ndani ya kitita cha nyasi, unasafiri humo gizani mizunguko kadhaa, halafu unaibukia upande ambao hukuutarajia. Na katika ukoo wetu siri hiyo haifundishwi kwa mdomo, wala mwalimu haonyeshi akiwa anashona. Mwalimu akiona mkono wako umekomaa, anachukua kikapu chake mwenyewe, anakifungua mshono wa mwisho kwa meno, anakupa kwa mkono wake. Wewe unakifumua taratibu, mshono mmoja mmoja, mpaka chini ya makutano. Kwa kufumua ndipo unajua njia. Kikapu kinakufa, na wewe unabaki nayo. Ndivyo mama alivyopewa na mama yake.

Kila mwaka nilimwuliza kama mkono wangu umekomaa. Kila mwaka aliukamata, akaugeuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni, akasema, "Bado."

Mwezi wa nane mwaka jana kiharusi kilimshika akiwa amekaa kwenye mkeka. Kilichukua upande wa kulia wote, kikachukua na maneno. Alibaki na sauti moja ya kooni na kuitikia kwa kichwa. Lakini kuitikia kwake kulikuwa kwa kila jambo. Ukimwuliza kama anataka uji, anaitikia. Ukimwuliza kama ameshiba, anaitikia vilevile. Nikajifunza kutazama macho yake. Yalikuwa mazima, na yalikuwa yakinifuata kila nilipokuwa nashona, yakisimama kwenye vidole vyangu.

Kikapu chake cha mwaka huo alikuwa amekwisha kukimaliza kabla ya kuugua. Kilikuwa chini ya kitanda, kimefungwa kwenye kitenge. Kila nilipofagia nilikiona. Kilikuwa cha mwisho, nami nilijua. Sikuthubutu kukifumua bila kupewa, maana kufumua kikapu cha mtu aliye hai bila ruhusa yake ni kama kugawana nguo zake akiwa anakuangalia. Basi nikaomba. Asubuhi na jioni nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikamwomba Mungu amrudishie mama mkono, na kama si mkono basi ulimi, na kama si ulimi basi anipe mimi njia yoyote ya kujua.

Wakati huohuo Krismasi ilikuwa inakuja, nami sikuwa na kazi ya kutoa. Kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha, kufua, siku ilikuwa imekwisha. Kikapu changu kilikuwa kimefika nusu. Usiku wa kuamkia tarehe ishirini na nne niliongeza ombi lingine dogo, kwamba nisiende mikono mitupu mwaka ambao mama mwenyewe hawezi kwenda.

Asubuhi nilitoka kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu, nikachelewa. Niliporudi nilimkuta mama ameshuka kitandani. Mpaka leo sijui aliwezaje. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, kitenge kimefunguliwa, na kikapu kiko mapajani mwake. Aliponiona akakisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka kikagusa miguu yangu. Akatoa ile sauti yake. Akakisukuma tena.

Nilisema kwa sauti, "Asante, Bwana." Niliona jibu la ombi langu limekaa sakafuni mbele yangu. Nilielewa kwamba mama, ambaye hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja, alikuwa anasema nikipeleke kwa jina lake. Nilimshukuru Mungu kabla sijamwuliza mama. Na hata kama ningemwuliza, angeitikia.

Nilimrudisha kitandani, nikamfuta uso. Nilipokiinua kikapu niliona mshono wa mwisho mdomoni umefunguka, ukindu unaning'inia kama urefu wa kidole. Nikafikiri ni panya. Nikachukua shazia, nikaurudisha ukindu mahali pake, nikaukaza vizuri kabisa. Mama alikuwa akinitazama. Alitoa sauti mara nyingi, tena kwa nguvu, nami nikamwambia, "Ndiyo, mama, nimeelewa, nakipeleka." Nikampa maji, nikamwita jirani akae naye, nikaondoka kwa haraka kwa sababu Catherine alikuwa ameshatuma mtu kuuliza kama nakuja.

Watu walikuwa wamejaa uani kwa Catherine. Majina nilikuwa nimeyaandika mimi, siku tatu kabla, kwa sababu tangu nianze kusoma darasa la jioni kikundi kilinipa kazi ya kalamu. Catherine alifumba macho kila alipotia mkono kwenye chungu, na Gervas akawaambia watu wamfunge na kitambaa kabisa, maana mwaka juzi mkono wake ulimwona shemeji yake hata macho yakiwa yamefungwa. Watu walicheka. Nami nilicheka. Nilikuwa na furaha siku ile, na hilo ni jambo ambalo sipendi kulikumbuka.

Jina la tano lilikuwa Gita. Ni mama mmoja wa Kihindu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, yeye na mumewe Suresh. Sisi tunamwita mama Prashant, kwa jina la mwanawe. Alizaliwa hapahapa Singida, na kwa miaka mingi amekuwa akinunua kwetu ungo na vikapu. Alipitisha mkono chini ya kanga, akatoa mapito ya nyuki. Alikishika kwa mikono miwili, akauliza ni kazi ya nani. Nilipomwambia, alikiinua mpaka kwenye paji la uso wake, akafumba macho kidogo. Kisha akaniuliza hali ya mama kwa upole sana.

Nilirudi nyumbani saa nane mchana. Mama alitazama mikono yangu. Akatazama nyuma yangu, mlangoni. Nikamweleza kwa furaha yote, kwamba kikapu chake kimekwenda kwa mama Prashant, na namna alivyokiinua. Mama hakuitikia. Kwa mara ya kwanza tangu augue, hakuitikia. Mkono wake wa kushoto uliingia chini ya mto, ukatafutatafuta, ukatoka na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Akakiweka kitandani, karibu nami.

Kilikuwa kisu chake kidogo cha kufumulia, kile ambacho nilikuwa nakijua kwa kusimuliwa tu. Bibi alimpa pamoja na kikapu.

Nilikaa chini. Niliukumbuka ule ukindu ulioning'inia. Panya hawaachi mate. Ulikuwa na unyevu nilipoushika, nami nikaufuta kwa upande wa gauni langu. Mwanamke wa miaka sabini na minane, nusu ya mwili imekufa, alishuka kitandani peke yake, akafungua mshono kwa meno aliyobakiwa nayo, akanipa. Nami nikaushona tena mbele ya macho yake, nikaukaza.

Mama alilia bila sauti, machozi yakishuka kwa jicho moja tu.

Nilikwenda kwa Catherine jioni ileile. Nilimkuta na Gervas wakikunja mikeka. Niliwaeleza yote. Catherine alisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, lakini neno lake lilikuwa gumu.

"Rahel, nakuonea huruma. Ila tukidai kimoja, mwakani watu watapokea zawadi huku wameshika mlango, wakihofu kudaiwa."

"Nitamshonea vingine viwili, dada. Vitatu."

"Basi na mimi nidai kibuyu changu cha mwaka juzi," Gervas alisema. "Mwenyewe anawekea mafuta ya taa."

Catherine alimtazama, naye akaendelea kukunja. Kisha Catherine akaniambia kwamba sheria ile ya kutodai aliitunga mama yangu mwenyewe, mwaka wa kwanza, pale mtu mmoja alipotaka kurudishiwa ungo wake. Nilikuwa najua. Akaniambia niombe kwanza, nisikurupuke, pengine Mungu atamgusa mama Prashant alete mwenyewe.

Nikamtii. Nilikwenda kanisani siku ya Krismasi, nikaimba, nikarudi, nikapiga magoti. Tarehe ishirini na sita nilifunga, sikula kitu mpaka jua lilipozama. Mama alikuwa akinitazama usoni, si mikononi. Nadhani alikuwa akishangaa kwa nini nimekaa. Ningekuwa na imani ndogo zaidi, ningekuwa nimepanda bodaboda siku ileile.

Tarehe ishirini na saba nilikwenda. Duka lilikuwa wazi. Suresh alikuwa akimpimia mtu misumari, akanipungia nipite ndani.

"Shikamoo, mama Prashant."

"Marahaba, Rahel. Karibu, karibu. Mama yako anaendeleaje?"

Nilijibu kwamba yuko hivyohivyo. Yeye alidhani nimekuja kuangalia zawadi ilivyopokelewa, akanishika mkono, akanipeleka sebuleni. Kikapu kilikuwa juu ya kabati la vioo, mahali pa heshima, kando ya picha ya wazazi wake. Kilikuwa kinang'aa. Kiling'aa kama meza mpya ya seremala.

"Nimekipaka vanishi," alisema. "Ile nzuri, tunayouzia watu wa samani. Mara tatu, ndani na nje. Wadudu hawatakigusa tena. Kitatuzika sisi wote."

Niliuliza alianza lini kupaka. Alisema mara ya kwanza siku ya Krismasi, duka likiwa limefungwa, na mara ya mwisho jana mchana.

Nilikigusa. Kilikuwa kigumu kama debe. Nilipitisha ukucha mdomoni mwake, pale nilipokuwa nimeukaza ule mshono, na ukucha uliteleza. Nadhani nilikaa chini bila kukaribishwa. Mama Prashant akaniletea maji, akasubiri. Ndipo nikamwambia. Nilijaribu kumwambia kwa namna ambayo haingemwumiza, lakini hakuna namna kama hiyo. Alipoelewa aliweka kiganja mdomoni.

"Kwa nini hukuja siku ileile?"

Ningemwambia kwamba nilikuwa naomba?

Alikishusha kikapu, akaniwekea mikononi. Nilikataa, nikamwambia sheria yetu. Akasema sheria hiyo inakataza kudai, nami sikudai chochote, yeye anatoa. Suresh aliingia, akaelezwa kwa Kigujarati. Alikigeuzageuza kikapu, akakikwaruza kwa ufunguo, akatikisa kichwa. Alinifungia chupa ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi.

"Vanishi itatoka," alisema. "Ila majani yenyewe sijui. Imeshanywewa."

Nilimkuta mama yuko macho. Alipoona kikapu, uso wake ule upande unaofanya kazi ulifunguka kama dirisha. Nilitamani nirudi nje nacho. Nilikiweka karibu naye, naye akakigusa kwa mkono wa kushoto, kidole kikasimama, kikaenda tena, kikasimama. Akanitazama. Nikamwambia ukweli, kwamba kilipakwa kwa upendo.

Nilianza mchana uleule, mbele yake, kama inavyotakiwa. Nilipasha maji moto, hayakuingia. Nilipaka thina kwa kitambaa, taratibu, nyumba nzima ikanuka, nikamfungulia mama dirisha. Vanishi ililainika juu, ikawa kama gundi. Nilichukua kile kisu kidogo, nikaomba, nikaupata ule mshono wa mwisho. Ulikatika. Nikashika wa pili, ukakatika. Ukindu ulikuwa umekauka mpaka ndani, kila nilichovuta kilivunjika vipande vya urefu wa punje ya mchele. Nilikuwa natoa makombo. Nilijiambia kwamba labda chini zaidi, kwenye makutano yenyewe, vanishi haikufika. Nilikwenda polepole kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote maishani. Mzunguko wa kwanza ulichukua mpaka saa kumi. Wa pili na wa tatu siku iliyofuata. Nyasi za ndani zilikuwa zimeshikana na ukindu, huwezi kusema hiki kinaishia hapa na hiki kinaanzia pale.

Siku ya tatu nilifika penyewe. Niliona weusi. Nilimwita mama kwa sauti, nikamwinua kwenye mto aone. Nikaugusa ule ukindu mweusi kwa ncha ya kisu, kidogo tu, nione unakwenda wapi, ukawa unga. Uligeuka unga kwenye kiganja changu kama masizi. Magome yale tunayochemshia rangi nyeusi hula ukindu taratibu, kila fundi anajua kwamba weusi ndio huoza kwanza, na thina ilikuwa imemalizia. Nilichimba nikitafuta mahali ulipoingilia. Palikuwa na nafasi nyembamba ndani ya nyasi, mfereji mtupu, na nilipoufuata ukabomoka.

Mama alikuwa anaangalia yote. Alipoona nimeacha, alinyoosha mkono, akachukua kile kisu kutoka kwenye vidole vyangu, akakirudisha chini ya mto. Kisha akageuza uso ukutani.

Kati ya vile alivyotoa miaka ya nyuma, vitano tu ndivyo vilivyojulikana vilikwenda kwa nani, nikavitafuta Januari yote. Kimoja kilikwenda na mhandisi wa barabara aliyehamishwa, hakuna anayejua wapi. Kimoja kililiwa na mchwa. Kimoja mwalimu Bonifasi alikipeleka Rungwa kwa baba yake mfuga nyuki, na nyumba ile iliungua na vyote vilivyokuwamo. Viwili viko Ulaya. Niliomba nipigiwe picha, ikaja moja, nzuri, imepigwa kwa nje.

Mama Prashant alikuja kumwona mama mara mbili. Alikaa kando ya kitanda akimshika ule mkono uliokufa, kwa sababu hakujua ni upi.

Sasa ni Novemba tena. Catherine ameniuliza nitaleta nini, nikamwambia nitaleta. Jioni, baada ya mama kula, ninakaa kwenye mkeka ambapo anaweza kuniona akitaka. Nimeshona mapito ya nyuki mpaka juu ya tumbo. Mistari miwili imekaribiana, imebaki nafasi ya upana wa kidole. Nimejaribu njia saba, kila moja inaacha fundo.

"Hapa, mama?" ninamwuliza. "Ninauzamisha chini?"

Anaitikia.

"Au juu?"

Anaitikia.

Zamani ningetazama macho yake. Sasa, nikinyanyua kikapu, huyafumba. Naye huendelea kuitikia akiwa ameyafumba, polepole, kwa kila ninachouliza. Nami huweka shazia chini, hupiga magoti palepale, na husema, "Bwana," kisha sijui la kufuatisha.